Jinsi ya kutenganisha mwanga wa shimo jeusi na mwanga wa nyota changa kwenye galaksi za mbali

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye laptopu, bando la kawaida na logi alizosoma sekondari. Ukiufuata, utachukua galaksi elfu kadhaa kutoka kwenye hazina ya data ya umma na kuzigawa makundi mawili: zinazong'aa kwa sababu nyota zinazaliwa, na zinazong'aa kwa sababu shimo jeusi la katikati linameza gesi. Utajua pia ni jambo gani una haki ya kulisema kuhusu uhusiano wa hayo mawili. Nafundisha fizikia mkoani Iringa, na hii ndiyo kazi ninayowapa wanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) wanaotaka kuona fizikia ya darasani ikifanya kazi angani.

Kwanza swali lenyewe: je, shimo jeusi linazuia nyota kuzaliwa? Karibu kila galaksi kubwa ina shimo jeusi katikati. Letu, Sagittarius A*, lina tungamo la Jua mara milioni 4 hivi, na kwa sasa limetulia. Kwenye galaksi nyingine gesi nyingi inaliangukia shimo, inazunguka kwanza kama sahani, inasuguana na kupata joto kali mno. Sahani hiyo ndiyo inayong'aa, na sehemu hiyo ya galaksi inaitwa kiini hai. Kila mwaka kuna anayeuliza, "Madam, shimo jeusi linatoaje mwanga?" Halitoi. Mwanga wote unatoka kwenye gesi ambayo bado haijavuka mpaka wa shimo, ule ambao kitu kikiuvuka hakirudi. Ni mwingi kiasi kwamba 3C 273, kwazari (kiini hai kikali mno kinachofunika mwanga wa galaksi yake) ambayo Maarten Schmidt aliipima mhamo mwekundu wa 0.158 mwaka 1963 (mhamo mwekundu ni kiasi ambacho mwanga umevutwa kuelekea nyekundu; ukiwa mkubwa, kitu kiko mbali zaidi), inaonekana kwa darubini ya mtu binafsi ingawa iko zaidi ya miaka nuru bilioni 2 kutoka hapa.

Nyota nazo zinazaliwa kutokana na gesi, ilimradi iwe baridi. Kwa hiyo nyota na shimo jeusi wanategemea malighafi moja. Zaidi ya hapo, nishati ya kiini hai inaweza kuipasha gesi joto au kuifukuza kabisa, uzazi wa nyota ukakoma. Tukiangalia historia ya ulimwengu, uzazi wa nyota na ukuaji wa mashimo meusi vyote vilifikia kilele zama zile zile, yapata miaka bilioni 10 iliyopita. Hapo ndipo wengi wanarukia hitimisho kwamba shimo jeusi ndilo linaloua galaksi. Mimi nasisitiza tuanzie chini: usipotenganisha mianga hii miwili, utahesabu mwanga wa shimo kama nyota, na kila namba itakayofuata itakuwa na sumu.

Kuvuta data

Tunatumia mradi wa kupima anga wa SDSS (Sloan Digital Sky Survey), ambao darubini yake yenye kioo cha mita 2.5 iko Apache Point, New Mexico. Fungua tovuti yao ya SkyServer, tafuta ukurasa wa SQL Search, ubandike maneno haya:

SELECT TOP 5000
s.ra, s.dec, s.z,
l.h_alpha_flux, l.h_beta_flux, l.oiii_5007_flux, l.nii_6584_flux,
e.lgm_tot_p50, e.sfr_tot_p50, l.h_alpha_eqw
FROM SpecObj AS s
JOIN galSpecLine AS l ON s.specObjID = l.specObjID
JOIN galSpecExtra AS e ON s.specObjID = e.specObjID
WHERE s.zWarning = 0
AND s.z BETWEEN 0.04 AND 0.1
AND l.h_alpha_flux > 3*l.h_alpha_flux_err
AND l.h_beta_flux > 3*l.h_beta_flux_err
AND l.oiii_5007_flux > 3*l.oiii_5007_flux_err
AND l.nii_6584_flux > 3*l.nii_6584_flux_err
AND l.h_beta_flux_err > 0
AND e.lgm_tot_p50 > 0
AND e.sfr_tot_p50 > -99

Chagua CSV, hifadhi, fungua kwa LibreOffice Calc au Excel. Faili ni dogo, bando halitaumia.

Usibandike bila kuelewa. Masharti ya "mara 3 ya kosa" yanaondoa mistari dhaifu ya spektra (rangi maalumu ambazo gesi inang'aa, nitazieleza chini) ambayo huenda ni kelele tu za kipimo. Sharti la -99 lipo kwa sababu pale ambapo kipimo kilishindikana jedwali limejazwa -9999, na namba moja ya namna hiyo inatosha kuharibu wastani wako wote. Mhamo mwekundu nimeuanzisha 0.04 kwa makusudi. Nyuzi za kioo za SDSS zinazopeleka mwanga wa galaksi hizi kwenye kipimo zinapokea mwanga wa duara la sekunde 3 za tao peke yake (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii). Galaksi ikiwa karibu mno, uzi unaona kitovu tu na kuacha mikono yote yenye nyota changa nje. Na neno TOP linakupa galaksi za mwanzo kwenye foleni ya kompyuta, wala si sampuli ya bahati nasibu. Kwa kujifunza inafaa, kwa kuchapisha haifai.

Mistari minne na maana yake

Nyota changa kubwa hutoa mwanga mkali wa urujuanimno unaong'oa elektroni za haidrojeni kwenye gesi ya jirani. Elektroni zikirudi mahali pake, gesi inang'aa kwa rangi maalumu: H-alfa kwenye urefu wa wimbi wa angstromu 6563 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), ambayo ni nyekundu, na H-beta kwenye 4861, bluu inayoelekea kijani. Kiini hai nacho kinafanya hivyo hivyo, ndiyo maana H-alfa peke yake haikuambii imewashwa na nani.

Tofauti iko kwenye ukali wa mnururisho. Sahani ya shimo jeusi inatoa fotoni zenye nishati kubwa kuliko za nyota, mpaka eksirei. Eksirei zinapenya ndani kabisa ya mawingu, zinayapasha joto, na kuacha eneo pana ambamo gesi imepoteza elektroni nusunusu. Humo naitrojeni inang'aa kwa nguvu kwenye 6584. Nazo fotoni za zaidi ya elektroni-volti 35 zinaing'oa oksijeni elektroni ya pili, na oksijeni hiyo inang'aa kijani kwenye 5007. Nyota zinaweza kuwasha mistari yote minne, lakini si kwa uwiano huo.

Mwaka 1981 Baldwin, Phillips na Terlevich walipendekeza mchoro ambao mpaka leo unaitwa kwa herufi zao, BPT. Mhimili wa mlalo ni logi ya naitrojeni kwa H-alfa. Wa wima ni logi ya oksijeni kwa H-beta. Ninaupenda mchoro huu kwa sababu moja ya vitendo: kila jozi ina mistari iliyo jirani kwa rangi, kwa hiyo vumbi la galaksi linaipunguza yote miwili karibu sawasawa, na uwiano unabaki kuaminika hata kabla hujasahihisha vumbi.

Ukifungua faili, H-alfa iko safu ya D, H-beta E, oksijeni F, naitrojeni G. Safu ya K andika =LOG10(G2/D2), na L andika =LOG10(F2/E2). Sasa mipaka. Ule wa Kewley na wenzake wa 2001 umetokana na hesabu za nadharia: juu yake, uzazi wa nyota peke yake hauwezi kueleza mwanga huo. Ule wa Kauffmann na wenzake wa 2003 umechorwa kutokana na galaksi za SDSS zenyewe: chini yake ni nyota tupu. Katikati kuna mchanganyiko. Safu ya M andika:

=IF(OR(K2>=0.47, L2>0.61/(K2-0.47)+1.19), "kiini", IF(OR(K2>=0.05, L2>0.61/(K2-0.05)+1.3), "mchanganyiko", "nyota"))

Kama Calc yako inakataa mkato, weka nukta-mkato. Yale masharti ya 0.47 na 0.05 usiyaruke kamwe. Ukivuka namba hizo chini ya mgawanyo panageuka chanya, mpaka unarukia juu ya mchoro, na galaksi zenye viini vikali kuliko vyote zinaandikwa "nyota".

Jaribu kwa mkono kabla ya kuamini kompyuta. Tuseme galaksi moja ina H-alfa 300, H-beta 80, oksijeni 60, naitrojeni 120. Mlalo ni logi ya 0.4, yaani -0.398, wima ni logi ya 0.75, yaani -0.125. Mpaka wa Kauffmann hapo uko -0.062, kwa hiyo galaksi imepita chini yake kwa kiasi kidogo sana: nyota, lakini naiwekea alama ya kuangaliwa tena. Nyingine ina H-alfa 200, H-beta 50, oksijeni 400, naitrojeni 220. Mlalo 0.041, wima 0.903, mpaka wa Kewley hapo ni -0.232. Hii haina ubishi, ni kiini.

Bado kuna mtego kwenye kundi la "kiini". Galaksi nzee zilizokwisha kuacha kuzaa nyota zina nyota zilizochakaa na kubaki masalia yenye joto kali, na hizo zinaweza kuwasha gesi kidogo iliyobaki kwa uwiano unaofanana na wa kiini hai dhaifu. Angalia safu ya J, upana sawia wa H-alfa (nguvu ya mstari ukilinganisha na mwanga wa kawaida unaouzunguka). Bila kujali alama ya kutoa, ukubwa ukiwa chini ya angstromu 3, itoe galaksi hiyo kwenye kundi la viini. Dawa hii ilipendekezwa na Cid Fernandes na wenzake mwaka 2011, na watu wanaoiruka wanaishia kuamini kwamba viini hai viko kila mahali kwenye galaksi zilizokufa.

Kupima uzazi wa nyota bila kudanganywa

Kwa galaksi za kundi la "nyota", H-alfa ni kipimo kizuri. Kanuni ya Kennicutt ya 1998 inasema kila ergi (kipimo kidogo cha nishati) 1.26 × 10^41 kwa sekunde za H-alfa ni sawa na nyota zenye tungamo la Jua moja zinazozaliwa kwa mwaka. Lakini usahihishe vumbi kwanza: bila vumbi, H-alfa inapaswa kuwa mara 2.86 ya H-beta. Ile galaksi yetu ya kwanza ina 3.75, maana yake vumbi limemeza sehemu ya mwanga.

Kwa kundi la "kiini" kanuni hiyo ni marufuku. Unahitaji kipimo ambacho shimo jeusi haliwezi kukighushi. SDSS walitumia mruko wa mwanga kwenye angstromu 4000: galaksi yenye nyota za zamani ina mruko mkubwa, yenye nyota changa ina mdogo, na kiini kilichofichwa na vumbi hakiugusi sana. Namba zilizo kwenye safu ya I (uzazi wa nyota) kwa galaksi za viini zimepatikana kwa njia hiyo, kwa hiyo zina utata mkubwa kuliko za nyota. Zisome kwa makundi, usijenge hoja juu ya galaksi moja. Kumbuka pia kwamba safu za H (tungamo la nyota zote za galaksi) na I tayari ni logi.

Sasa linganisha, na ulinganishe kwa tungamo moja. Viini hai hupatikana zaidi kwenye galaksi nzito, na galaksi nzito zina tabia zake hata zisipokuwa na kiini. Chuja safu ya H ibaki kati ya 10.6 na 10.8, halafu tafuta wastani wa safu ya I kwa kila kundi.

Utaona viini viko chini ya kundi la nyota. Mwanafunzi anaruka: shimo limeua! Mwambie akae. Galaksi inaingia kundi la "nyota" kwa sababu nyota zake changa zinang'aa kuliko kitu kingine, kwa hiyo kundi hilo limechujwa kuwa na uzazi mkubwa tangu mwanzo. Kiini dhaifu kikiwa ndani ya galaksi inayozaa sana, mwanga wake unafunikwa na tunaiandika "nyota". Na zile zilizokoma kabisa, zisizo na mistari, tulizitupa kwenye sharti la mara 3. Sehemu ya tofauti unayoiona imetengenezwa na kichujio chako mwenyewe. Jaribio la haki ni kuvuta tena data bila masharti ya mistari, uweke kundi la nne la "zilizonyamaza", kisha uulize: kati ya galaksi zote za tungamo hili na uzazi huu, ngapi zina kiini? Swali limegeuka, na jibu lake lina uzito.

Suala la muda

Hapa ndipo pananivutia kuliko sehemu nyingine yoyote. Uzazi wa nyota hubadilika polepole, kwa mamilioni na mamia ya mamilioni ya miaka. Kiini hai kinaweza kuwaka na kufifia ndani ya miaka laki moja. Ukilinganisha mwanga wa kiini wa leo na uzazi wa nyota wa galaksi hiyo hiyo, ni sawa na kupima mvua ya dakika moja pale Iringa mjini ukaitafutia uhusiano na maji ya Ruaha Mdogo ya msimu mzima.

Ushahidi mzuri uliletwa na mwalimu. Mwaka 2007 Hanny van Arkel, mwalimu wa shule nchini Uholanzi, alikuwa anapanga picha za SDSS kwenye mradi wa kujitolea wa Galaxy Zoo, akaona wingu la ajabu karibu na galaksi IC 2497. Ni gesi inayong'aa kwa oksijeni ile ile ya 5007, imewashwa na mnururisho wa kiini hai. Lakini ukikiangalia kiini cha IC 2497 sasa, hakina nguvu ya kuwasha kitu kama hicho. Mwanga uliofika kwenye wingu ulitoka kabla kiini hakijafifia. Umechukua makumi ya maelfu ya miaka njiani. Galaksi hiyo kwenye jedwali lako leo ina kiini kidogo, ilhali juzi tu, kwa saa ya galaksi, ilikuwa kwazari.

Hickox na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba kuwaka na kufifia huku kunatosha kuficha uhusiano ambao upo kweli. Kwa hiyo panga galaksi zako kwa uzazi wa nyota kwanza, halafu chukua wastani wa nguvu ya viini kwa kila kundi, zilizowaka na zilizozimika pamoja. Ukipanga kinyume chake, kwa nguvu ya kiini, uhusiano unaelekea kuyeyuka.

Kwenda mbali zaidi

Spektra za SDSS za awali zinaishia karibu angstromu 9200, kwa hiyo H-alfa inatoka nje ya kipimo mhamo mwekundu ukifika 0.4. Kwenye mhamo wa 2, zama za kilele, unaitafuta kwenye mikromita 1.97, ndani ya infraredi, kazi ya darubini kama James Webb. Na mipaka yetu inaanza kuyumba: galaksi za zama hizo zimesogea juu kwenye mchoro, na za mapema zaidi zina naitrojeni haba kiasi kwamba kiini na nyota vinaangukia mahali pamoja. Usipeleke fomula ya safu ya M huko bila kuongeza ushahidi mwingine.

Ushahidi wa kiini utafute kwenye eksirei. Galaksi inayotoa zaidi ya ergi 10^42 kwa sekunde ni nadra sana iwe ni nyota tupu. Au chukua data za WISE, darubini ya infraredi ya anga za juu: tofauti ya mwangaza kati ya mikromita 3.4 na 4.6 ikifika magnitudo 0.8 kwa vipimo vya Vega (vinavyoihesabu nyota Vega kuwa sifuri), vumbi la moto linalozunguka kiini limejionyesha. Uzazi wa nyota upime kwenye infraredi ya mbali, kwa mfano data za Herschel, darubini ya anga za juu iliyofanya kazi 2009 mpaka 2013, kwa sababu vumbi linalopashwa na nyota ni la baridi na vumbi la kiini ni la moto zaidi.

Hata ukiwa na vipimo sahihi, idadi inahukumu. Mwaka 2012 Page na wenzake walitumia Herschel kwenye eneo dogo la anga wakaripoti kwamba viini vyenye eksirei kali kuliko vyote vina uzazi wa nyota uliobanwa. Mwaka huo huo Harrison na wenzake wakapima eneo pana la COSMOS (kipande cha anga kilichopimwa na darubini nyingi) lenye viini vingi zaidi, na hawakuuona mbano huo. Viini vikali sana ni adimu. Eneo dogo linakupa vichache mno.

Ukitaka kuona kiini kikiathiri gesi moja kwa moja, acha takwimu uangalie galaksi mojamoja. Kwenye galaksi ya Mrk 231 darubini za milimita za Plateau de Bure, Ufaransa, zilionyesha mwaka 2010 gesi ya molekuli ikitoka kwa mamia ya matungamo ya Jua kila mwaka, mali ghafi ambayo ingekuwa nyota. Kwenye kundi la galaksi la Perseus, jeti (mikondo ya chembe inayorushwa kwa kasi kutoka karibu na shimo jeusi) za galaksi ya NGC 1275 zimechimba mapango kwenye gesi ya moto na kuizuia isipoe. Lakini soma pia habari za Minkowski's Object: jeti ya NGC 541 imegonga gesi na nyota zikazaliwa pale pale. Anayesema kiini siku zote huua, aeleze hilo.

Hatua inayofuata kwa mwenye hamu ni redio. MeerKAT, antena 64 zilizoko Karoo, Afrika Kusini, imepima COSMOS kwenye mradi wa MIGHTEE, na data zipo wazi kwa umma. Ni jirani yetu, na Kenya ni mojawapo ya nchi washirika za Afrika katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA utakaoimeza MeerKAT. Eneo hilo la COSMOS linapita karibu utosini kwetu mwezi Aprili saa 3 usiku, nyuzi kama 10 kusini ya nyota Regulus. Kwenye redio, nyota changa zinafuata uwiano thabiti na infraredi ya mbali. Galaksi ikizidi uwiano huo kwa wazi, ziada hiyo ni ya jeti. Ongeza safu moja kwenye jedwali lako, iite "ziada ya redio", na uijaze kabla hujachora grafu yoyote nyingine.